Bawabu wa Mlango wa Themanini

Miaka thelathini na minane nilikaa mlangoni,
mtaa wa San Luis, Rosario, jengo la ghorofa kumi na moja,
vitufe vya shaba nikivisugua kila Jumatatu kwa limau na majivu,
funguo kiunoni zikinitangulia kwa kelele.
Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa ngazi.
Mjukuu wangu Ludmila ameniwekea mezani
kompyuta kuukuu iliyotupwa na mhasibu wa ghorofa ya pili.
"Babu," asema, "humu ndani tutapanga wapangaji."

Nikacheka. Wapangaji nawajua.

Wa kwanza, mlango 3000: daftari la lifti,
kila ilipokwama, nani alikuwa ndani, alilia au hakulia.
Wa pili, 5000: mapishi ya Haydée, Mungu amrehemu,
pamoja na yale aliyoyaandika kwa penseli nyuma ya risiti za gesi.
Wa tatu, 8080: klabu ya sataranji ya Alhamisi,
imebaki na watu wanne,
na anayeongoza kwa pointi tulimzika Machi.

Kila mmoja amejifungia chumbani mwake,
hana anwani ya barabarani.
Mgeni hagongi kwao. Mgeni hugonga themanini.
"Na pale themanini," Ludmila aanza kufafanua, vidole hewani,
"inakaa seva ya katikati, inaitwa proksi, kazi yake..."
Usinichoshe, mwanangu.
Huyo ni bawabu.

Kumbe kuijua kazi si kujua kuiandika.
Siku tatu niligombana na faili moja.
Nilisahau nukta mkato mwisho wa mstari wa kumi na tisa
na jengo zima likagoma kuamka.
Mle hakuna "si unanielewa";
useme, ukamilishe, ufunge.
Mimi nilizoea kuelewana na watu kwa nyusi.

Kisha likaja hili: orodha ya wageni
ikaonyesha aliyeingia saa nne asubuhi ni mimi,
aliyeingia saa nne na nusu ni mimi,
na usiku, Ludmila alipofungua kwa simu akiwa kitandani,
mimi tena.
Bawabu alikuwa akipanda ngazi kwa niaba ya kila mtu
bila kutaja katumwa na nani.
Nikaona haya, kama niliyekutwa nimelala zamu.
Tukaongeza mistari miwili:
jina lililoitwa, na anwani ya aliyekuja.
Si ndivyo nilivyosema kila siku kwenye spika ya ukutani?
Hodi, bi Kesselman, ni fundi wa gesi, si mimi.

Bi Kesselman. 4B.

Jumapili Ludmila aliizima seva ya mapishi
ili nione kosa lenyewe likoje.
Nikafungua. Ukurasa mweupe, herufi nyeusi: 502.
"Maana yake," akasema, "bawabu yupo, amegonga,
na nyuma ya mlango hakuna wa kujibu."

Nilijua kabla hajamaliza.
Agosti, mwaka ule wa baridi kali,
mpwa wake kasimama mbele yangu na keki mkononi,
nami nabonyeza kitufe cha 4B, nabonyeza, nabonyeza,
namtazama usoni, namwambia ngoja kidogo, huwa anachelewa,
kwa kuwa hakuna aliyewahi kunipa namba ya kusema.

"Kuna na 504," Ludmila anaendelea, hajaona kitu,
"hiyo ni ya kungoja hadi kuchoka. Sekunde sitini.
Ukitaka unaweza kubadilisha."
Nikaandika mia tatu. Nukta mkato.
Anasema ni nyingi mno, hakuna programu inayostahili.
Nimeziacha.

Jioni tukaiwasha tena 5000.
Ikachukua muda, mashine ni mzee kama mimi,
kisha ikapanda supu ya maboga, risiti ya Juni,
na pembeni, kwa penseli: chumvi baadaye.